Pinto, Mboya au JM: ufuate maisha ya nani baada ya risasi?

Anayetaka kuandaa podikasti, tasnifu ya shahada au ziara ya wanafunzi kuhusu mauaji ya kisiasa Nairobi huishia kwenye mojawapo ya majina matatu: Pio Gama Pinto (1965), Tom Mboya (1969) au J.M. Kariuki (1975). Na wengi huanza na swali lilelile, nani aliyetoa amri? Swali hilo lilipita mahakamani, bungeni na kwenye tume bila kupata jibu lililowaridhisha watu, na mtu mwenye kinasa sauti na Jumamosi chache hatalimaliza. Linalowezekana ni kuuliza waliobaki waliishije: mjane, mfungwa, shahidi, rafiki, mbunge aliyepiga kura, ofisa aliyeonekana na marehemu mara ya mwisho. Maisha hayo yana tarehe, yana karatasi, na mengine yana kaburi unaloweza kulifikia kwa matatu.

Chagua mmoja tu. Ukiwabeba wote watatu kwa pamoja, kila kipindi kitakuwa utangulizi, na hutamfikia mtu hata mmoja aliyeishi miaka 30 baada ya tukio. Hivi ndivyo wanavyotofautiana kwa haraka:

| | Pinto | Mboya | JM |
|---|---|---|---|
| Siku | Jumatano, 24 Februari 1965 | Jumamosi, 5 Julai 1969 | Alionekana mwisho Jumapili, 2 Machi 1975 |
| Mahali | Langoni kwake, Westlands | Government Road, leo Moi Avenue | Hilton. Mwili ulipatikana Ngong |
| Aliyehukumiwa | Kisilu Mutua, alitoka jela 2000 | Nahashon Isaac Njenga Njoroge, alinyongwa 1969 | Hakuna |
| Kaburi | City Park, Nairobi | Kisiwa cha Rusinga | Gilgil |
| Karatasi nzito | Magazeti, ripoti ya TJRC (tume ya ukweli, haki na maridhiano) | Magazeti, mwenendo wa kesi, faili za Uingereza | Hansard (kumbukumbu za mijadala ya bunge) na ripoti ya kamati teule |
| Penye ugumu | Familia ilihamia ng'ambo | Hadithi imesimuliwa hadi imechakaa | Majina ambayo hayajawahi kushtakiwa |

Pinto: maisha marefu zaidi baada ya tukio

Pinto aliuawa akiwa ndani ya gari lake kwenye lango la nyumba yake, binti yake mdogo akiwa kiti cha nyuma. Ndiye mwanasiasa wa kwanza kuuawa Kenya tangu uhuru. Vijana wawili walishtakiwa. Mmoja aliachiliwa, na Kisilu Mutua akapatikana na hatia Julai 1965 na kuhukumiwa kifo. Jaji Mkuu Ainley mwenyewe aliashiria katika hukumu kwamba kesi haikuonekana kukamilika, na kwamba huenda si wote waliohusika waliofikishwa mbele yake. Adhabu ya kifo baadaye ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Kisilu alikaa ndani miaka 35, akatoka mwaka 2000 kwa msamaha wa Rais Moi, na muda wote huo alishikilia kwamba si yeye aliyefyatua risasi.

Hapa ndipo Pinto anapowapita wenzake. Katika kesi ya Mboya mtuhumiwa alinyongwa miezi minne tu baada ya tukio, kwa hiyo maisha yake ya baadaye hayapo. Katika kesi ya JM hakuna aliyewahi kusimama kizimbani. Kwa Pinto peke yake kuna mtu aliyeingia gerezani wakati Kenyatta ana miezi michache tu kama rais, akapitia utawala mzima wa Kenyatta na karibu wote wa Moi, akatoka akaukuta mji mwingine. Government Road aliyoiacha ilikuwa imekuwa Moi Avenue, na magari mjini yalikuwa yameongezeka kupita alivyoyajua. Simulizi linajiunda lenyewe, mradi usilazimishe kuthibitisha kwamba alionewa. Weka hukumu ya mahakama, weka maneno yake, na msikilizaji apime.

Upande wa pili kuna Emma, mjane wake. Walifunga ndoa Januari 1954, na kabla mwaka haujafika nusu Pinto akakamatwa, akawekwa kizuizini katika kambi ya Takwa kisiwani Manda, kisha akazuiliwa Kabarnet hadi 1959. Ukipiga hesabu, miaka ya ndoa waliyoishi nyumba moja ni michache sana. Septemba 1965 Emma alikwenda Santiago, Chile, kupokea tuzo ambayo Shirika la Kimataifa la Waandishi wa Habari lilimpa marehemu mumewe. Mwaka 1967 akahamia Kanada na mabinti zake watatu. Ukimfuata Emma, ujue sehemu kubwa ya kazi yako haitakuwa Nairobi. Itakuwa barua pepe na mazungumzo ya video na watu wa Ontario, na saa zao ziko nyuma ya zako kwa saa saba au nane kutegemea msimu. Panga mahojiano saa kumi na moja jioni Nairobi, wakati kwao ni asubuhi, usije ukamwamsha mzee wa watu usiku wa manane.

Halafu kuna rafiki, na huyu wengi humsahau. Joseph Murumbi alikuwa mtu wa karibu sana na Pinto. Mwaka 1966 alikuwa makamu wa rais kwa miezi michache tu, akajiuzulu, akaacha siasa. Mwaka 1972 akaanzisha pamoja na Alan Donovan nyumba ya sanaa ya African Heritage, akakusanya vitabu, stempu, nguo na vinyago hadi alipofariki 1990. Aliomba azikwe karibu na Pinto, na ndivyo ilivyo. Makaburi yao yako City Park, kandokando ya Limuru Road huko Parklands, si mbali na hospitali ya Aga Khan. Sehemu ya mkusanyiko wake iko orofa ya chini ya jengo la Archives, yaani hifadhi ya nyaraka ya taifa, kwa hiyo kabla hujapanda juu kusoma faili unapita katikati ya maisha yake ya baadaye bila kulipa nauli ya pili.

Ukienda City Park, nenda mchana na uulize kwa Murumbi, maana wafanyakazi wa pale hulijua jina hilo zaidi ya la Pinto. Usiache mkate wala ndizi juu ya begi. Kima wa bustani ile hawana haya, na sponji ya maiki huiona kama tunda.

Kosa linalojirudia kwa Pinto ni la jina. Katika faharasa za magazeti na maktaba anaweza kuwa chini ya P au chini ya G, kwa sababu wengine huchukua Gama Pinto kama jina moja la ukoo. Kisilu naye huandikwa Kisilu Mutua, Kisilu Maua, wakati mwingine kwa tahajia ya ajabu kabisa. Tafuta zote kabla ya kutangaza kwamba hakuna kitu.

Mboya: rahisi kuanza, vigumu kusema jipya

Mboya ndiye chaguo la mwenye muda mdogo. Alipigwa risasi mchana, mbele ya duka la dawa la Chhani, akitoka kununua dawa, siku chache tu baada ya mikutano ya Addis Ababa. Sanamu yake iko Moi Avenue, karibu na pale alipoanguka, ikitazamana na Archives. Ilizinduliwa Oktoba 2011. Unaweza kusimama pale, ukavuka barabara, ukaomba gazeti la Jumapili 6 Julai 1969, yote kabla ya chakula cha mchana. Kama unapeleka darasa la sekondari, usitafute zaidi. Huu ndio mguu wako.

Angalizo moja la mahali: watu huwapeleka wageni Tom Mboya Street wakidhani ndipo alipouawa. Barabara ile iliitwa Victoria Street na ilipewa jina lake kwa heshima tu. Tukio lilikuwa Government Road, ambayo ndiyo Moi Avenue. Na kama unarekodi sauti pale kwenye sanamu, nenda Jumapili mapema. Siku nyingine makanga na wahubiri wa barabarani watakula kipindi chako chote.

Nahashon Isaac Njenga Njoroge alihukumiwa kifo Septemba 1969, rufaa yake ikatupwa, akanyongwa Kamiti mwezi Novemba. Tangazo la kunyongwa lilichelewa kutoka, kwa hiyo ukifungua magazeti ya mwanzo wa Novemba huambulii kitu. Soma hadi mwisho wa mwezi. Maneno yake kwamba wangemtafuta mkubwa badala yake ndiyo yamemfanya akumbukwe, na yamefanya pia watengenezaji wa vipindi wasahau kila mtu mwingine aliyekuwa pale.

Na wako wengi wa kufaa kufuatwa. Mmoja ni shahidi ambaye leo jina lake linajulikana dunia nzima kwa sababu nyingine: Barack Obama mkubwa, baba wa aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Alikuwa amekutana na Mboya barabarani muda mfupi kabla ya risasi, akatoa ushahidi upande wa mashtaka. Miaka yake iliyofuata ilikuwa ya kupoteza kazi na ajali za barabarani, na moja ya ajali hizo ilimuua Nairobi Novemba 1982. Ni hadithi nzuri lakini ina mtego: vipindi vingi husema alikwenda Hawaii kwa ndege ya wanafunzi ya Mboya mwaka 1959. Hakusafiri na ndege ile. Ukiliingiza kosa hilo, msikilizaji anayeijua historia atakuacha dakika hiyohiyo.

Mwingine ni Pamela, mjane wake, binti wa Walter Odede. Walioana Januari 1962, akawa mjane baada ya miaka saba na nusu. Baadaye aliiwakilisha Kenya kwenye shirika la makazi la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Gigiri, na akafariki Januari 2009. Binti yao Susan alianzisha mwaka 2002 mfuko wa Zawadi Africa wa kuwapeleka wasichana vyuo vikuu vya ng'ambo, kazi ambayo mtu yeyote anaona inafanana na ile ya baba yake ya safari za ndege za wanafunzi kati ya 1959 na 1963. Pamela mwenyewe alisoma Marekani kupitia mpango huo. Kama lengo lako ni kuonyesha jinsi taasisi inavyoweza kutoka kwenye msiba, hakuna kesi kati ya hizi tatu inayoipita hii.

Kisha kuna walioumia bila kuwa karibu na duka la dawa siku ile. Oktoba 1969 ziara ya Kenyatta Kisumu iliishia kwa risasi na vifo, siku chache baadaye chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku, na Oginga Odinga akawekwa kizuizini hadi 1971. Ukianza na Julai ukaishia Oktoba una mnyororo kamili, lakini utakuwa umetoka Nairobi na kuingia kwenye mada nyingine. Amua mapema.

Kaburi liko Rusinga, kaunti ya Homa Bay. Usiliweke kwenye bajeti ya safari ya siku moja kutoka Nairobi.

JM: karatasi nyingi, hatari nyingi

JM Kariuki, mbunge wa Nyandarua North, alitoka hotelini Hilton jioni ya 2 Machi 1975 akiwa na Ben Gethi, kamanda wa kikosi cha polisi cha GSU. Mwili wake uliookotwa na mchunga mifugo huko Ngong ulilala City Mortuary bila kutambuliwa rasmi hadi 11 Machi. Katika siku hizo katikati, gazeti moja kubwa liliandika kwamba JM yuko Zambia. Jingine la kukumbuka: siku moja kabla ya kutoweka kwake, bomu lililipuka kwenye basi la OTC mjini na kuua watu zaidi ya 20, kwa hiyo kurasa za mbele za wiki ile zimejaa bomu. Ukisoma vichwa vya habari tu utadhani hakuna aliyemtafuta JM. Shuka hadi kurasa za ndani.

Hakuna aliyeshtakiwa, lakini bunge liliunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale, na ripoti ikafika bungeni Juni 1975. Majina mawili ya watu waliokuwa karibu na Ikulu yaliondolewa kabla haijawasilishwa. Ripoti ikapita kwa tofauti ya kura chache. Ukitaka maisha ya baadaye yaliyoandikwa vizuri, yaanzie kwenye kura hiyo. Masinde Muliro, waziri, alipiga kura kinyume na serikali, akafukuzwa kazi. Manaibu waziri John Keen na Peter Kibisu vilevile. Oktoba mwaka huohuo Martin Shikuku alisema bungeni kwamba kuna watu wanataka kuliua bunge kama KANU ilivyouawa, akaambiwa athibitishe, na naibu spika Jean-Marie Seroney akaona kilicho wazi hakihitaji kuthibitishwa. Wote wawili walikamatwa na kuwekwa kizuizini hadi Desemba 1978, baada ya Kenyatta kufariki. Chelagat Mutai, mbunge kijana wa Eldoret North, alifungwa 1976 kwa miaka miwili na nusu.

Sasa tazama upande wa pili wa mizani. Gethi akawa kamishna wa polisi mwaka 1978, kazi aliyoishikilia hadi jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 lilipomwondoa. Mwangale, aliyeongoza kamati, akaja kuwa waziri wa mambo ya nje miaka ya themanini. Kuweka maisha haya kando kwa kando (nani alipanda, nani alifungwa, katika mwaka gani) kunatosha kwa vipindi vinne bila kudai lolote ambalo halimo kwenye kumbukumbu rasmi. Kwa maoni yetu hii ndiyo njia safi zaidi ya kumshughulikia JM, na ndiyo isiyotumiwa. Wengi hukimbilia milima ya Ngong na muziki wa kutisha.

Hilton yenyewe ilifungwa mwisho wa 2022. Jengo la duara bado liko, lakini usipange kurekodi ndani.

Karatasi ziko wapi, na hupatikana kwa utaratibu gani

Anza na magazeti kabla ya faili. Faili hukujibu swali ulilonalo tayari, na gazeti ndilo hukupa swali. Orodha ya tarehe za kuagiza, kwa kifupi: kwa Pinto, 25 Februari hadi katikati ya Machi 1965, Julai 1965, kisha katikati ya mwaka 2000 Kisilu anapotoka. Kwa Mboya, 6 hadi 12 Julai 1969, Septemba yote, wiki ya mwisho ya Oktoba, Novemba yote. Kwa JM, 3 hadi 20 Machi 1975, Juni, na katikati ya Oktoba.

Magazeti ya zamani yaliyofungwa kwa majalada yako maktaba ya McMillan, Wabera Street, na pia kwenye kitengo cha Afrika cha maktaba ya Jomo Kenyatta, Chuo Kikuu cha Nairobi. Piga simu kwanza uulize kama chumba cha magazeti kiko wazi. Karatasi ya miaka ya sitini hukatika ukiikunja, kwa hiyo geuza ukurasa kwa mikono miwili, na piga picha ukurasa mzima pamoja na tarehe yake juu. Picha ya kipande bila tarehe haitakusaidia miezi miwili baadaye.

Archives, Moi Avenue, beba kitambulisho na penseli. Begi huachwa mlangoni. Unajaza karatasi ya kuagiza kwa namba ya faili, si kwa mada, kwa hiyo saa za kwanza huishia kwenye orodha za faharasa. Kubali hivyo. Ruhusa ya kupiga picha iombe kabla hujatoa simu mfukoni. Mtafiti wa chuo aanze kushughulikia kibali cha utafiti cha NACOSTI mapema kupitia idara yake. Usitarajie faili za Special Branch, kitengo cha ujasusi cha polisi. Utakachokipata kwa wingi ni barua za wizara, za utawala wa mikoa, na za Murumbi.

Kwa kesi za mahakamani kuna kosa la kawaida sana: watu hutafuta rufaa za 1965 na 1969 kwenye Mahakama ya Rufaa ya Kenya. Wakati ule rufaa zilikwenda Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, iliyodumu hadi jumuiya ya kwanza ilipovunjika 1977. Pata namba ya kesi kwenye taarifa za sheria kwanza, ndipo uende masjala. Ukienda na jina tu, karani atakutazama.

Hansard ya 1975 nyingi imeskaniwa na iko Google Books. Tangu Julai 1974 Kiswahili kilikuwa kimefanywa lugha ya mijadala bungeni, kwa hiyo ukitafuta kwa maneno ya Kiingereza pekee utakosa kurasa nyingi za mjadala wa JM. Andika "kamati", "marehemu", "mauaji", na jina la mbunge. Skani husoma herufi vibaya, hivyo jaribu pia kufungua kwa tarehe na kusoma kwa macho.

Ripoti ya TJRC ya 2013 inashughulikia mauaji ya kisiasa kwenye juzuu 2A, na inapatikana mtandaoni. Kumbukumbu nyingine za tume zimehifadhiwa kidijitali na kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Seattle. Ripoti hii ni ya lazima kwa zote tatu, lakini ina uzito zaidi kwa Pinto na JM.

Mwenye bajeti ya kuagiza nakala kutoka Uingereza: faili za Mboya na JM ziko Kew, kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, katika mfululizo wa FCO 31, ulioanza 1967. Pinto aliuawa kabla ya hapo, kwa hiyo usipoteze pesa kumtafuta mle. Yake yako kwenye mafaili ya wizara ya Jumuiya ya Madola, yanayoanza na herufi DO. Wanadiplomasia wale walikuwa wakiandika walichosikia kwenye tafrija sawa na walichothibitisha. Tenganisha mambo hayo mawili katika maandishi yako.

Basi, uchague nani?

Kama una wiki mbili na darasa la vijana, Mboya. Kama una miezi mitatu na unaweza kuzungumza na watu wa ng'ambo, Pinto, na umweke Kisilu katikati badala ya Pinto mwenyewe, kisha Emma na Murumbi pembeni. Huo ndio uchaguzi wetu kwa mtu anayeanza, kwa sababu una mfungwa, mjane na rafiki, na njia tatu hizo hazigongani. Pia hauhitaji kumtuhumu mtu yeyote ili usimame.

JM ni wa mwenye subira ya kusoma mijadala na mwenye mhariri mkali. Kipimo kizuri kabla ya kumchagua ni hiki: soma mjadala wa siku moja wa Juni 1975 kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ukichoka kabla ya kumaliza, rudi kwa Pinto.

Kuna jambo moja zaidi. Pinto na Mboya hawakuwa upande mmoja. Pinto alikuwa mrengo wa Odinga, na waraka wa serikali wa 1965 juu ya usoshalisti wa Kiafrika uliotoka wizara ya Mboya ulichapishwa wiki chache tu baada ya mazishi ya Pinto. Anayewasimulia kama ndugu wawili waliouawa na adui mmoja anakwepa historia. Ukitaka kuwaunganisha, anza na ugomvi wao.

Familia na sheria

Andika kwa familia kwanza, hata kama una namba ya simu. Barua fupi: wewe ni nani, unataka kuuliza nini, kitasikika wapi, na wanaweza kusoma au kusikiliza sehemu yao kabla haijatoka au hapana. Mtaje kwa heshima anayostahili, Mama, Mzee, Daktari, kama ungemhutubia sebuleni kwake. Usianze mazungumzo na siku ya mauaji. Watu hawa wameulizwa siku hiyo maisha yao yote, na majibu yao kuihusu yameshakuwa ya kukariri. Uliza ada ya shule ililipwaje mwaka uliofuata, nani aliacha kuja nyumbani, nani alianza kuja. Majibu mapya yako huko.

Kisheria, marehemu hawezi kudai amekashifiwa, lakini mwanawe anayetajwa pamoja naye anaweza, na sheria ya Kenya inampa miezi 12 tangu kuchapishwa kufungua kesi. Kwa hiyo mtu ambaye hakuhukumiwa usimwite muuaji, na neno "inasemekana" halikukingi ikiwa hujataja nani alisema, wapi na lini. Ukibeba kamera badala ya kinasa sauti, tafuta pia kibali cha kupiga filamu kabla ya kusimama Moi Avenue na stendi ya kamera. Kwa JM hasa, mpe wakili maandishi ayasome kabla hujaingia studio. Kurudia kipindi kizima cha dakika 40 kwa sababu ya jina moja lililo katikati ya sentensi ndefu ni gharama inayoweza kumaliza mfululizo wako kwenye kipindi cha pili.